Ufundi Uliobaki Buyenzi

Ufundi wa Huseni ulikuwa unasuka mota. Waya wa shaba ulifunguka kwenye kigurudumu chake, ukapita hewani bila kushikwa na mtu, ukazama katika mfuo wa chuma, ukazunguka, ukatokea upande wa pili na kurudi tena. Mwanasiti, mkewe Huseni, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa gereji, ameshika kioo kikubwa cha kabati kupeleka mwanga wa jua ndani, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Ufundi ulipohitaji koleo, koleo lilitikisika kidogo ndani ya sanduku, naye akaliokota na kulinyoosha mbele. Lilitoka mkononi mwake taratibu, kama kitu kinachopokelewa na mtu mwenye adabu.

Milimani mizinga ilikuwa inalia. Watu wa Bujumbura walikuwa wamekwisha kujifunza kutofautisha mizinga ya kukimbilia chini ya kitanda na mizinga ya kuendelea kuchambua maharage. Hii ilikuwa ya maharage. Ungo wa Mwanasiti ulikuwa miguuni pake, na kila mwanga ulipotulia alichambua kwa mkono uliobaki.

Ufundi haukuwa na mwili. Haukula, haukunywa, na haukupiga mluzi. Jambo la mluzi ndilo lililomtaabisha Mwanasiti kulizoea, maana Huseni alikuwa hawezi kukaza hata nati moja bila kupiga mluzi katikati ya meno. Mluzi ulikwenda na mwenyewe, ufundi ukabaki. Kazi za gereji ziliendelea kama zamani, ila kwa ukimya.

Miezi ya kwanza alikwenda kumwuliza shekhe kama inafaa mwanamke kukaa peke yake na ufundi wa mumewe, hali mume yuko safarini. Shekhe alifikiri, akauliza kama ufundi huo ulikuwa wa Huseni peke yake au aliuchangia na mtu mwingine. Aliposikia ni wake peke yake alisema hakuna neno, ila kazi isimame wakati wa swala ya Ijumaa. Tangu hapo kila Ijumaa spana zililala chini adhana ilipoanza, zikaamka imamu alipotoa salamu.

Askari nao walipita wakisaka nyumba kwa nyumba, wakauliza nani anafanya kazi mle ndani. Mwanasiti akawaambia ni ufundi wa bwana wake. Koplo alisimama akatazama bisibisi ikizunguka yenyewe, kisha akauliza ufundi huo ni wa kabila gani. Bisibisi ilimaliza skrubu moja ikaanza nyingine. Koplo akasema basi, na kesho yake akaleta gari la jeshi lililokuwa linapoteza maji. Wiki hiyohiyo walikuja watu wengine, ambao hawakusema wametoka wapi lakini viatu vyao vilikuwa na udongo wa milimani, wakaleta jenereta. Ufundi ulitengeneza vyote viwili kwa uangalifu uleule.

Huseni mwenyewe alikuwa Kule. Nchi hiyo ilikuwa na jina refu, lenye herufi zilizobanana bila nafasi ya kupumua, kwa hiyo watu wa mtaa wa Buyenzi waliamua kuiita Kule. Ilikuwa nchi tajiri, ya baridi, na watu wake walikuwa wanapungua. Wazee walikufa kwa utaratibu, vijana hawakuzaa, na katika miji mingine ilibidi mtu mmoja awe meya, awe mpiga kengele wa kanisa, na Jumapili awe golikipa. Serikali ya Kule ilikaa ikafikiri, ikaona dawa ni kuita mafundi kutoka nchi ambazo bado zina watu. Ikafungua ofisi katika jumba moja la Kinindo, lenye bustani na mlinzi, ikatangaza redioni kwamba inahitaji wenye ujuzi.

Bujumbura ilichaguliwa kwa sababu nzuri. Vita vilikuwa katika mwaka wa nane au wa tisa, kulingana na mtu alianzia kuhesabu kwenye msiba upi, na fundi anayelala chini ya kitanda haulizi mara mbili kuhusu hali ya hewa ya anakokwenda.

Ofisini alikuwapo Bibi mmoja wa Kule, mrefu, mpole, aliyevaa soksi hata juani, pamoja na mkalimani wa hapahapa aitwaye Bonfils, kijana wa viatu vinavyong'aa. Bibi alitaka kuona kazi kwa macho. Huseni alipewa mota iliyoungua, akaisuka mbele yake, na alipoiwasha ikaimba, Bibi alipiga makofi. Akamwambia, kwa kinywa cha Bonfils, atangulie peke yake. Ufundi wake ukishaonekana Kule, mke na watoto watafuata. Mwanasiti alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, akayasikia maneno hayo, na usiku ule watoto watatu walipolala chini ya kitanda aliwaambia kwamba wasijali, hawatalala hapo miaka yote.

Sasa Buyenzi kuna desturi. Fundi anayesafiri hamalizi kazi zote. Huacha moja wazi kwa makusudi, akamwomba radhi mwenye mali, akaenda zake. Huitwa kazi ya kurudia. Husemwa kwamba fundi aliyefunga kila kitu hana linalomwita nyumbani. Njia humwona mwepesi, ikamchukua moja kwa moja. Kuombwa mali yako iwe kazi ya kurudia ni heshima, na aliyekubali hana ruhusa ya kulalamika. Mafundi wa Buyenzi wamekwenda Uvira, Kigoma na hata Lubumbashi kwa desturi hiyo, wakarudi.

Kwa hiyo walipoitwa Kule walifanya kama kawaida. Gélase, fundi cherehani, aliacha koti la bwana harusi bila mkono wa kushoto. Bwana harusi akaoa nalo vilevile, na hakuna mgeni aliyeuliza. Kinyozi wa msikitini aliacha kichwa cha Mawazo, mwuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kikiwa kimenyolewa upande mmoja, na tangu siku hiyo Mawazo alitembea sokoni na nusu ya nywele, akijibu salamu kwa heshima ya mtu aliyeaminiwa. Huseni aliacha mota ya mashine ya kusaga ya Concilie, mjane aliyekaa mtaa wa Musaga, ikiwa imefunguliwa na waya wake wote umetolewa. Concilie alikubali mwenyewe. Alisema Huseni ni mtu wa kurudi, hilo linaonekana usoni.

Walikosea jambo moja tu. Hakuna aliyewahi kusafiri mbali kiasi kile, na kadiri njia ilivyozidi urefu, ndivyo desturi ilivyozidi kuvuta. Safari ya Uvira ilimvuta mtu arudi. Safari ya Kule ilimvuta kwa nguvu hata sehemu yake nyingine isiondoke kabisa. Mafundi walipopewa zana Kule, mikono yao haikujua la kufanya. Gélase aliitazama sindano akauliza tundu liko upande gani. Kinyozi alimkata sikio mtu aliyekuwa na subira. Huseni alishika spana kama mwanamume aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.

Hapa Buyenzi, asubuhi iliyofuata kuondoka kwa ndege, Mwanasiti alisikia nyundo gerejini. Akaenda kutazama, akarudi jikoni, akachemsha chai ya watu wanne badala ya watano.

Miaka miwili ilipita hivyo. Ufundi ulitengeneza kila kilicholetwa, ila mota ya Concilie haukuigusa, kwa kuwa kazi ya kurudia haimalizwi bila neno la aliyebaki nyumbani kwa fundi. Kilichoingia gerejini ndicho kilichowalisha watoto. Kisha Bonfils akaja, akakaa juu ya tairi baada ya kulipangusa, akaeleza kwamba Kule wamechunguza na wamegundua tatizo. Walikuwa wamepata watu, lakini ujuzi haukufika.

"Mama Lubna, mi natumwa tu," alisema. "Madamu wa Kule anaomba umalize ile kazi moja. Ufundi ukiisha kufunguliwa utaingia mwenyewe mu sanduku ya spana, na sanduku itapanda ndege. Baba Lubna akipata ufundi wake, na nyinyi mutafuata."

"Na watoto?"

"Na watoto. Njo vile alisema tangu mwanzo."

Mwanasiti aliona ni jambo la haki. Ufundi una mwenyewe. Tena Lubna, mkubwa wao, alikuwa ameanza kuota kitanda kinamwangukia. Akapeleka habari Musaga kwamba mota itasukwa, akaingia gerejini, akauambia ufundi uanze. Makopo yalisogezwa kidogo rafuni, kama na mtu anayetafuta alikoweka kitu, kisha kigurudumu cha waya kikashuka kutoka kwenye rafu.

Ijumaa hiyo alikwenda kwenye kibanda cha simu cha Sulemani ili ampe Huseni habari njema. Laini ilipokubali alisikia kwanza kengele, halafu kiti kikiburutwa.

"Uko wapi?" akamwuliza.

"Niko shule."

"Unatengeneza nini huko shule?"

"Sitengenezi kitu. Nasoma. Niko mu darasa la pili."

"We uliacha shule uko la sita."

"Wamenirudisha," Huseni alisema. "Luga yao ni nguvu, hainiingii."

Akamweleza bila haraka. Shule ya mji ule ilikuwa ifungwe kwa kukosa wanafunzi. Sheria ilitaka wasipungue idadi fulani, na mji mzima ulikuwa na watoto wachache kuliko vidole vya mkono mmoja. Baraza la mji likaona kuna wageni waliofika bila ujuzi, na ujinga wao usiharibike bure. Huseni, kinyozi na mchomeleaji mmoja wa mtaa wa Bwiza wakaketishwa kwenye madawati. Dawati lilikuwa dogo, magoti yalimfika kidevuni. Saa nne walipewa maziwa. Mwalimu, msichana mwema, alimsifu kwa hesabu, ila jana yake alimsimamisha pembeni akitazama ukuta kwa kosa la kupiga mluzi wakati wa kuchora. Jioni kazi yake ilikuwa kuzunguka kuwasha taa katika nyumba zisizo na watu, ili mji usijione mtupu.

Mwanasiti alimwambia mota inasukwa. Huseni aliuliza kama mwanawe Ilias anasoma vizuri, akaambiwa naye yuko darasa la pili. Hilo lilimfurahisha. Alitaka kujua Ilias amefika wapi katika hesabu za kutoa kwa kukopa, maana yeye hapo ndipo palipomshinda. Kisha Mwanasiti akamwomba apige mluzi. Huseni akapiga, ule wa kukaza nati, mpaka Sulemani akaonyesha kwa kidole kwamba dakika zimekwisha.

Njiani alikuwa na jambo moja tu kichwani, na alilitazama pande zote asije akalikosea. Kule wana shule isiyo na watoto. Yeye ana watoto watatu. Lilikuwa jambo rahisi mno, akaamini kwamba wenyewe hawajaliona kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Jumatatu aliwaogesha watoto, akawavika sare za shule, akawapaka mafuta usoni, akawapeleka Kinindo. Mlinzi aliwapisha. Bibi wa Kule aliinuka kutoka kwenye kiti chake akawatazama muda mrefu. Aliuliza jina la kila mmoja akalirudia polepole, Lubna, Ilias, Zuhura, kama anayeonja. Akagusa kichwa cha Zuhura, na macho yake yakalowa, kwa maana kwao yeye alikuwa wa mwisho katika ukoo na hakuwa amemgusa mtoto tangu afike ukubwani. Akawapa peremende zenye picha ya mlima mweupe.

Mwanasiti akamweleza. Bonfils akatafsiri vizuri, bila kupunguza. Bibi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa kila neno, akajibu kwa sauti ya upole.

"Madamu anasema ni watoto wazuri sana," Bonfils alisema. "Anasema Kule wangefurahi kuwaona. Lakini mpango umekatwa kidogo. Watoto hawaruhusiwi tena kufuata. Mutoto anahitaji shule, na Kule shule zinafungwa. Hawawezi kuleta mutoto mahali hakuna shule. Itakuwa kumuonea."

"Shule zinafungwa kwa nini?"

Bonfils hakuhitaji kuuliza. "Kwa kukosa watoto," alisema.

Mwanasiti alimtazama Bibi, na Bibi alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Baba yao wamemuweka mu darasa."

Maneno yakaenda, yakarudi. "Baba yao aliingia kama fundi. Mu hesabu ya nchi yeye ni fundi. Darasani anakaa kwa muda tu."

"Muda gani?"

Bonfils akauliza, akajibiwa kwa maneno machache.

"Mpaka watoto wazaliwe," alisema.

Bonfils aliwasindikiza hadi getini, akimwambia Mwanasiti kwa Kirundi kwamba asimchukie, yeye ni mdomo tu. Mwanasiti alimwambia hamchukii. Watoto walikula peremende njia nzima, na Ilias akaiweka karatasi yenye mlima katikati ya daftari lake.

Jioni ile hakuusimamisha ufundi. Aliketi mlangoni akauangalia unavyofunga mafundo ya uzi kwenye vichwa vya waya, akafikiri kwa utaratibu. Watoto hawataitwa, hilo limekwisha. Lakini Kule kuna mwanamume mwenye mvi masikioni anayesimamishwa pembeni kutazama ukuta, na ufundi huu ungemwinua kwenye dawati siku hiyohiyo. Ni wake. Kumnyima mtu kilicho chake kwa kuwa kinakulisha, hilo nalo lina jina. Upande wa pili, ufundi ukienda gereji itafungwa, na mota ikiisha hakutakuwa na linalomvuta Huseni arudi. Atakuwa mzima, na atakuwa wa Kule.

Alikwenda kumwuliza Léocadie, mke wa Gélase, aliyekuwa ametangulia kumaliza. Léocadie alikuwa anapukuchua mahindi uani. Alisema ufundi wa Gélase ulishona mkono wa koti mchana mmoja, ukakata uzi kwa meno, ingawa haukuwa na meno, ukaingia katika sanduku la sindano bila kuaga. Mwezi wa kwanza Gélase aliwatumia sweta nne, nzuri. Mwezi wa pili alisema amepata duka. Baadaye aliuliza jina la avenyu ya nyumbani kwao, lilikuwa limemponyoka.

"Na sasa?"

"Juzi nilimpigia," Léocadie alisema, akiendelea kupukuchua. "Akaongea vizuri, kwa heshima. Akaniuliza anaongea na nani."

Mwanasiti alimsaidia mahindi mpaka yakaisha, akarudi nyumbani.

Vanishi ya mota ilihitaji jua, nayo ilianikwa uani siku kadhaa, ikifunikwa gunia kila mizinga iliporusha vumbi. Ilipokauka ikang'aa kama asali. Concilie akaja siku hiyo kutoka Musaga, na mkokoteni aliokodi kituo cha basi, amevaa kitenge chake cha ibada. Bonfils naye alikuwapo, gari la ofisi likingoja nje, mkononi ana mkanda wa kufungia sanduku la spana, kwa kuwa ndege ilikuwa kesho yake. Mawazo alisimama barabarani na kapu lake la ndagala, upande wake wenye nywele ukiwa kivulini, akisema hakuja kwa lolote, anapita tu.

Mwanasiti alishika kioo. Jua lilikuwa limeanza kuelekea Kongo, ikabidi ainuke kwenye kigoda ili mwanga ufike ndani. Ufundi uliingiza beringi, ukazungusha mhimili, ukasikiliza. Ukavalisha kifuniko cha mbele, halafu cha nyuma. Kifuniko cha nyuma kilikuwa na boliti nne. Ya kwanza ilikazwa, ya pili ikakazwa, ya tatu ikakazwa. Spana ikabaki hewani ikingojea ya nne.

Boliti ya nne ilikuwa mkononi mwa Concilie. Alikuwa ameiokota kwenye kopo ili atazame tu, kama mtu anavyotazama kitu chake baada ya muda mrefu. Miaka hii yote alisaga muhogo wake kwa jirani, akingoja zamu nyuma ya watu wote, na hakuwahi kulalamika, maana alikubali mwenyewe.

"Sasa hii mota," alisema, "ikiungua tena, nani ataisuka?"

Umeme wa Musaga ulikuwa wa kwenda na kurudi kwa kishindo, na kila mtu pale alijua mota isingemaliza mvua mbili.

Bonfils alikuwa mkweli kwa kazi yake, akaona ni wajibu wake kusema anachokijua. "Madamu anasema kuna mpango mwingine," alisema. "Kule watatuma wataalamu mu nchi zilizokosa mafundi."

"Watakuja lini?"

"Wakipata watu."

Concilie aliitikia kwa kichwa, kwa sauti ya kooni, kama watu wa kwao wanavyofanya wakikubaliana na jambo lolote. Alifungua pindo la kitenge chake, akaiweka boliti, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Kisha akamtazama Mwanasiti. Alikuwa anangoja kuambiwa alifungue fundo.

Spana ilikuwa hewani bado. Mwanasiti alisogeza kioo, mwanga ukatua juu ya kile chuma. Akamfikiria Huseni, magoti kidevuni, akikwama kwenye kutoa kwa kukopa. Akaona kwamba aliyekwama hapo bado ana mahali pa kurudia kuanza, na kwamba angemwomba radhi kwa simu, na kwamba radhi hiyo ingekuwa ndefu.

"Mama Concilie, basi ya Musaga itakuacha," alisema.

"Mi pia naona hivyo, mwanangu. Nitaileta kesho."

"Kesho ni Ijumaa."

"Nitakuja kisha swala. Nikiisahau, nitarudi kuichukua."

Mwanasiti akateremsha kioo. Gereji ikaingia giza la kawaida. "Weka spana," aliuambia ufundi. "Kesho."

Spana ilibaki pale kidogo, ikashuka. Kitambaa kikainuka kikaifuta, kama Huseni alivyozoea, mpini kwanza. Mawazo barabarani akapandisha kapu lake kichwani, upande wenye nywele, akaendelea na safari yake.

Bonfils aliuzungusha mkanda kidoleni. Aliuliza atamwambia nini Madamu. Mwanasiti akasema amwambie kazi inaendelea, jambo ambalo lilikuwa kweli, na Bonfils akaridhika nalo kwa kuwa lilitafsirika. Aliuliza kama chai imebaki. Ilikuwa imebaki. Alikunywa akiwa amesimama, akaweka kikombe dirishani kikiwa na chai nusu, akakitazama, akakisogeza ndani kidogo kisije kikapigwa na upepo, akamwomba Mwanasiti asikioshe. Yeye pia, alisema, maombi yake yamekubaliwa. Anaondoka na ndege ileile.

Mwanasiti alimtakia safari njema. Akafunika kikombe kwa kisahani.

Concilie aliondoka na mkokoteni mtupu, akimhimiza mwenye mkokoteni awahi basi. Ndani, ufundi ulikuwa umekwisha kuanza pampu ya gari la koplo, kwa kuwa ulikuwa bado na nusu saa ya mwanga. Mizinga ilisogea. Ilikuwa bado ya maharage, ila ya kuyachambua haraka. Mwanasiti alichana kipande cha kanga kuukuu, akakisokota, akaziba tundu la boliti ya nne ili lisiingie vumbi mpaka asubuhi.